Ukuta Alioufuta Nyanzala

Kwa zaidi ya nusu karne nimekuwa na malalamiko ya maandishi dhidi ya msichana aitwaye Nyanzala. Yamo katika daftari lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na daftari hilo limo katika sanduku langu la bati, chini ya vyeti. Nilifanya kazi ya masijala serikalini hadi nikastaafu. Kutunza karatasi najua. Ninachoeleza hapa ni jinsi nilivyogundua, alasiri moja, nikiwa na miwani usoni na akili zangu timamu, kwamba jalada lile lote nililisoma kichwa chini miguu juu. Mpaka ninapoandika, mshtuko haujaniisha.

Kisa kilianzia kwenye gemu. Mjukuu wangu Rehema, anayeishi nami hapa Chemchem, Tabora, hucheza na wenzake mchezo wa runinga ambamo vikatuni viwili hupigana juu ya majukwaa yanayoelea angani. Haja si kumuua mwenzako. Haja ni kumtoa jukwaani aanguke. Kabla ya pambano huoneshwa majukwaa matano. Mchezaji wa kwanza hufuta moja, wa pili hufuta mawili, wa kwanza hufuta tena moja, na linalobaki ndilo la kupigania. Raundi zinazofuata, aliyeshinda hufuta moja na aliyeshindwa huchagua katika yaliyobaki, ila haruhusiwi kurudi pale alipokwisha kushinda.

Siku Rehema aliponieleza hayo, kijiko cha uji kilinisimama mkononi.

"Nani kawafundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyetufundisha, bibi. Ndivyo inavyochezwa dunia nzima."

"Dunia nzima! Hizo ni sheria zetu. Tulizichora vumbini, hapo ng'ambo ya bomba, kabla mama yako hajazaliwa."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa siamini.

Kisha yakaja mashindano. Jumamosi moja mchana nilimsindikiza kwenye ukumbi mmoja wa mjini, kwa kuwa mama yake hakuridhika aende peke yake, na mshindi alikuwa anakwenda Mwanza kupambana na wa mikoa mingine. Rehema aliitamani safari ile kuliko sikukuu. Mwezi mzima alikuwa amejinoa kwenye jukwaa moja analoliita la bembea, ambalo sakafu yake huyumba na mandhari ya nyuma huzunguka. Hapo hakuwa na mpinzani. Alifika fainali dhidi ya Sele, kijana wa mtaa wa pili, rafiki yake tangu chekechea. Nikakaa wima kwenye kiti cha plastiki nikisubiri amvutie Sele kwenye jukwaa lake. Alipoitwa afute wa kwanza, akalifuta la bembea. Kwa mkono wake mwenyewe! Raundi iliyofuata, zamu yake ilipofika, akalifuta tena. Akashindwa. Sele akabebwa juu juu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nachemka.

"Rehema, umefuta ngome yako mwenyewe."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa sababu gani?"

"Basi tu."

"'Basi tu' si sababu. Barua yenye 'basi tu' ningeirudisha kwa mwandishi wake."

Tulipofika nyumbani nikafungua sanduku, nikatoa daftari, nikamkalisha mkekani ili nimfundishe uwanja huchaguliwaje na watu wenye akili. Harufu ya kurasa zile ilinipanda puani: vumbi jekundu, mafuta ya taa, na kitu kama majivu yaliyolowa. Nikamsimulia. Nawasimulia nanyi, wenzangu wa rika, kama nilivyomsimulia yeye, yaani kama nilivyoamini.

Mchezo wetu tuliuita kushushana. Wawili hupanda mahali palipoinuka, hufunga mikono kifuani, husukumana kwa mabega. Mikono haifunguliwi kamwe. Atakayegusa ardhi kwanza ameshindwa. Viwanja vilikuwa vitano. Kichuguu kilichokuwa nyuma ya msikiti kilitufaa sisi wepesi, maana kileleni palikuwa padogo. Jiwe lilikuwa la wenye nyayo ngumu, kwa kuwa jua la saa saba liliuchoma mguu uliozoea viatu. Rundo la mataruma ya chuma kando ya reli, na gogo la mti ulioangushwa na radi, yalikuwa ya wenye uzito. Cha tano kilikuwa ukuta wa tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa.

Tembe lile lilijengwa enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipumzika Tabora na mizigo yao kabla ya kushika njia ya kwenda ziwani au pwani. Paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Ulibaki ukuta mmoja mrefu wa udongo, juu kuliko mtu mzima, na upana wake haukuzidi nyayo mbili zilizopangwa. Upande mmoja wa chini wakazi walimwaga majivu ya jikoni, yakawa kilima laini. Upande wa pili palikuwa na matofali ya kuchoma yaliyovunjika, kingo juu.

Tuligawanyika pande mbili, sisi wa huku na wao wa ng'ambo ya reli. Tulichogombea ni bomba. Kiangazi bomba lilikuwa moja, na maji yalikatika kabla ya saa nne. Mshindi wa kushushana aliupa upande wake haki ya kutanguliza ndoo kwenye foleni mpaka mvua ya kwanza. Kwangu lile halikuwa jambo la mzaha. Mama alikuwa amejifungua, na maji ya nyumba nzima yalikuwa shingoni mwangu. Kuwa wa mwisho kwenye foleni kulikuwa na maana ya kuchelewa shule kila siku, na baba alikuwa amesema wazi kwamba nikirudishwa nyumbani mara moja tu kwa kuchelewa, nitakaa humo humo nilee.

Upande wetu nilipambana mimi, na mimi pia ndiye niliyetunza daftari, ndiyo maana wenzangu waliniita Karani. Upande wao alipambana Nyanzala. Wazazi wake walikuwa wakulima kutoka Choma, watu wa kanisani, waliokuja mjini kutafuta kazi. Alitembea peku, alikuwa na mabega ya mtu anayetwanga, na alicheka polepole kana kwamba kicheko kinapimwa kwa pishi. Nje ya mchezo tulikuwa marafiki.

Katika mwezi mmoja wa Ramadhani, nilipokuwa nikifunga nusu siku kama watoto walivyofunzwa, tulipanda ngazi ya chuma ya tangi la maji la reli ili tuone treni ya Kigoma ikiingia. Nilipofika juu nikaona giza. Masikio yalilia, chuma kikawa kama kinayeyuka viganjani. Nyanzala akashuka vipago viwili chini yangu, akawa anaushika mguu wangu mmoja mmoja na kuuweka pake.

"Usitazame chini, Karani. Nitazame mimi."

Tulipogusa ardhi nilimwambia, "Ni saumu hiyo."

Alinitazama kitambo. "Haya," akasema. "Ni saumu."

Sikula kabla ya adhuhuri siku ile, nikajisifu nyumbani kwamba sikufungua hata pale saumu iliponiangusha. Mama alinipa tende mbili. Mambo yakaishia hapo.

Sasa, daftari linaonesha kwamba tangu baada ya Ramadhani ile, kila tulipochora alama tano vumbini, Nyanzala aliufuta ukuta kwanza. Kila mara. Alikuwa akiinua mguu wake mpana na kuizoa alama ile kabla hajatazama nyingine. Nilitia alama pembeni ya ukurasa, na mara ya tatu nikaandika: N. anaogopa ukuta. Nilijiona nimegundua siri ya adui.

Rehema aliniuliza hapo, "Wewe ulishaupanda, bibi?"

"Ningeupandaje, na yeye anaufuta kila siku?"

Basi nikatunga sheria. Niliisoma mbele ya pande zote mbili kwa sauti ya mwalimu: uwanja uliofutwa na mtu yule yule mashindano matatu mfululizo, katika ya nne haufutiki raundi ya kuamua. Wakaona ni ya haki. Wakainua mikono. Nyanzala hakuwapo, alikuwa kanisani. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyoiandika maishani mwangu, na niliiandika kwa ajili ya mtu mmoja.

Siku ya kugombea bomba, raundi ya kwanza tulipigana kichuguuni, nikashinda. Ya pili alichagua jiwe, akanishusha kabla nyayo hazijaniungua vizuri. Ya tatu ilikuwa ya kuamua. Mshindi anafuta, nami ninachagua. Mguu wake ukainuka juu ya alama ya ukuta.

"Mguu chini," nikamwambia. "Ukuta haufutiki raundi hii."

"Kasema nani?"

"Daftari."

"Daftari si unaandika wewe?"

"Na wenzako waliinua mikono. Waulize."

Akageuka kuwatazama wa ng'ambo. Wakainamisha vichwa. Akanisogelea, akateremsha sauti. "Karani, chagua mataruma. Chagua gogo. Popote, ila si ukutani."

"Mataruma na gogo ni kwako. Unanionaje?"

"Ukutani hapana."

"Unaogopa!" nikapaza sauti, na upande wangu wote ukaitikia: "Kaogopa! Kunguru huyo! Mrudisheni Choma akachunge!"

Nyanzala alisubiri kelele zipungue. Hakuna aliyemzidi nguvu pale, na kila mtu alilijua hilo.

"Ndiyo, naogopa," akasema. "Andika. Andika kabisa, Nyanzala kaogopa ukuta. Halafu tuchague kwingine."

Niliandika. Maneno yamo, ukurasa wa kumi na tisa, kwa kalamu ya risasi niliyoichonga kwa wembe. Kisha nikafunga daftari nikasema, "Ukuta."

Tukapanda. Mimi nilitokea mwisho mmoja, yeye mwisho wa pili, tukasogeleana na mikono kifuani. Nakumbuka udongo ukibomoka chini ya vidole, na chini kabisa vichwa vya wenzangu vimekuwa vidogo kama punje za mtama. Nikatazama matofali. Kukawa na giza. Nilisikia jina langu, nikahisi nguo yangu inavutwa kifuani kwa nguvu, mikono miwili, dhahiri, kinyume cha sheria, kisha majivu yakanijaa kinywani.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimemlalia. Yeye ndiye aliyetangulia chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo.

"Umenivuta nguo," nilimwambia, nikitema majivu. Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza. "Umefungua mikono. Ni rafu."

Alikuwa anapumua kwa meno.

Niliandika: N. amefanya rafu ya kuvuta nguo. Hata hivyo ametangulia chini. Bomba ni letu. Kiangazi chote ndoo yangu ilikuwa ya kwanza, wala sikuchelewa shule hata siku moja. Nyanzala alikuja mwisho wa foleni na ndoo moja katika mkono mmoja, na maji yalipokatika alirudi na ndoo ikigonga gonga mguuni. Hatukusemezana. Nilikuwa nangoja aombe radhi kwa ile rafu. Kabla mvua haijanyesha familia yao ilirudi Choma.

"Huo ndio uchaguzi wa uwanja," nikamwambia Rehema. "Unajua adui anaogopa nini, unampeleka huko. Na ukifanyiwa rafu, unaiandika."

Rehema alikuwa amejikunyata mkekani na magoti yake kidevuni. Hakucheka safari hii.

"Bibi," akasema, "Sele akitazama lile la bembea anaona giza. Wiki iliyopita alipokuja kucheza hapa alianguka, nikamshika. Akasema ni kwa sababu hakunywa chai."

"Basi ungemshinda kwa urahisi!"

"Ndiyo maana nikalifuta."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Si atajisikia vibaya. Alisema ni chai, nikasema haya, ni chai."

Naapa nilisikia kitu kikikatika ndani ya kichwa changu, kama uzi wa jalada kuukuu. Nilimwomba arudie. Akarudia. Haya, ni chai. Haya, ni saumu.

Mimi sipandi ngazi inayopita urefu wa mlango. Kazini nilikataa chumba cha ghorofani mara mbili, kwa barua, na daktari aliniandikia cheti kwamba urefu hunipa kizunguzungu. Cheti hicho kimo katika sanduku lile lile, kimegusana na daftari miaka yote hiyo! Kazi yangu ilikuwa kuunganisha jalada na jalada, na walionijua watasema niliifanya barabara. Hayo mawili sikuyaunganisha. Mtoto wa darasani aliyetoka kushindwa gemu ndiye aliyeniunganishia.

Nyanzala alijua tangu siku ya tangi. Aliufuta ukuta ili nisiupande mimi. Nilipomnyima kufuta alijiita mwoga mbele ya watu wake, na nilipoanguka upande wa matofali alifungua mikono, akanigeuza upande wa majivu, akatangulia chini. Na mimi niliandika rafu. Sikuweza hata kukaa. Nilizunguka uani, mtu mzima, nikisema, "Haiwezekani, haiwezekani," mpaka Rehema akaniletea maji. Nikayatazama yale maji kikombeni. Sikuyanywa.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la Igunga. Basi lilijikongoja nyuma ya malori ya pamba, nami nilikuwa na daftari kwenye mkoba, kalamu ya wino mwekundu, na maneno niliyoyapanga kwa ustadi: maombi ya masahihisho, vipengele vitatu. Kutoka Igunga nikapata gari dogo hadi Choma. Niliuliza kwa jina, na kijijini mtu hapotei; mama mmoja sokoni aliniuliza, "Yule mwenye mkono wa upinde?" Nikasema ndiye huyo, akanielekeza.

Alikuwa uani, anapepeta mpunga. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, ila mabega ni yale yale. Ungo aliushika kwa mkono wa kulia na kuuegemeza kwenye kifundo cha kushoto kilichopinda. Alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye miwani.

"Mwangaluka," akasema, kwa salamu ya kwao ya asubuhi. Kisha ungo ukatulia. "Karani? Karani wewe! Na viatu vyako!"

Nilimwambia nimekuja kurekebisha kumbukumbu. Nikafungua ukurasa wa kumi na tisa, kwa sauti ya mtu aliyeitwa mbele ya kamati. Nikamsomea yote. Nikamwambia nataka kufuta neno kaogopa, nifute neno rafu, nifute kwamba bomba ni letu, nitie saini, naye atie yake.

Alisikiliza huku akitoa pumba kwenye kanga yake.

"Bado unalo hilo daftari," akasema. "Ama kweli!"

"Nyanzala, uliogopa nini siku ile? Sema ukweli."

"Si niliogopa utakufa. Naogopa nilisema, ukaandika. Kuna kosa gani hapo?"

"Na rafu?"

"Nguo sikukuvuta? Nilikuvuta. Ilichanika hapa." Akagusa kifua chake. "Mama yako aliishona?"

"Aliishona."

"Na maji mlichota?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ufute kipi sasa?" akauliza, bila hasira hata chembe. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote: nilikuwa nimetunza hasira kwa ajili ya watu wawili. Nikabaki na kalamu nyekundu imefunguliwa, na ukurasa mzima hauna neno la uongo isipokuwa mimi niliyeuandika.

Akaweka ungo chini. Akaokota kijiti, akainama taratibu, na mbele ya miguu yangu akachora vumbini alama tano: kichuguu, jiwe, mataruma, gogo, ukuta. Mistari ilikuwa ile ile.

"Safari hii anza wewe," akasema.

Nikavua kiatu. Vumbi la Choma lilikuwa la moto. Nikaweka unyayo wangu juu ya alama ya tano, nikaufuta ukuta.